Herufi Zisizo na Sifuri

Tuseme karani wa diko la Kilwa Kivinje, pale samaki na pweza wanapopimwa si mbali na majengo yaliyochakaa ya enzi ya Wajerumani, ameweka daftari lake katika kompyuta, safu ya kwanza ikawa ya majina ya vyombo na kila siku ya mwaka ikapewa safu yake. Nahodha akitaka kujua Desemba 31 alipata kilo ngapi, karani ataitazama safu ya NB, ilhali programu inayomfanyia hisabu haijui NB ni nini, bali yajua tu kuwa safu hiyo ni ya 366.

Mazoea ya kuita safu kwa herufi na mistari kwa nambari yalienea kwa VisiCalc, programu ya majedwali waliyoitunga Dan Bricklin na Bob Frankston huko Marekani, ikatolewa mwaka 1979. Mistari haina taabu, kwani nambari yabaki nambari. Taabu i katika safu, ambazo Excel tangu toleo la 2007 inazo 16,384, ya mwisho ikiitwa XFD.

Waliosoma abjadi kwa masheikh wa pwani hawatastaajabu herufi kubeba hisabu, alifu ikiwa 1, ye 10, kafu 20. Lakini kafu ni 20 popote ikaapo, na A ya jedwali hupata thamani kwa mahali pake: mwishoni ni 1, ikitangulia herufi moja ni 26, ikitangulia mbili ni 676. Tena, kama abjadi, hisabu hii ya herufi haina sifuri. Hapo ndipo watunzi wengi wa programu hukwama, maana ukigawa 26 kwa 26 wapata 1 na baki 0, na sifuri haina herufi ya kuiwakilisha.

Dawa yake ni kutoa 1 kabla ya kila kugawa, na baki ihesabiwe A ikiwa 0, B ikiwa 1, hata Z ikiwa 25. Basi 366 ukitoa 1 ni 365. Gawa kwa 26, ni 14 baki 1, nayo ni B. Ile 14 itoe 1, ni 13. Gawa tena, ni 0 baki 13, nayo ni N, iwekwe mbele ya B, kwani herufi hupatikana kuanzia mwisho. Chombo kikiwa mstari wa 8, kisanduku ni NB8.

Lugha nyingi za programu, aghalabu, huanza kuhesabu kwa 0, na safu hiyohiyo huiita 365. Asiyeongeza 1 kwanza atamsomea nahodha mavuno ya Desemba 30. Mwenye kutaka kuijaribu kazi yake aiulize 26, 27, 702 na 703: majibu yawe Z, AA, ZZ na AAA.