Vakansi juu ya mto: namna ya kufika Yanonge bila roho juu

Wakati wa vakansi kubwa, mwezi wa saba na wa nane, jamaa za Kisangani huteremka mto Kongo kwenda kuwaona babu na bibi huko Yanonge, eneo la Isangi, jimbo la Tshopo. Ni kilomita 60 hivi tu. Lakini wengine hufika wamechoka kama waliotoka Kinshasa, kilomita 1,734 kwa njia ya maji: jua limewachoma, watoto wamelia njia nzima, mama ameshika ubao wa boti kwa mikono miwili tangu bandarini.

Safari hiyo inaweza kuwa mapumziko kweli. Ila utulivu wa mtoni hutayarishwa ukiwa bado nchi kavu.

Chagua saa kwanza. Kwenda Yanonge unafuata maji; kurudi unapambana nayo, na injini ile ile inatumia saa nyingi zaidi. Anayepanga kurudi kwa saa zile zile alizotumia kwenda hukutwa na giza katikati ya mto. Ondoka alfajiri, kwenda na kurudi. Asubuhi jua si kali, na mara nyingi dhoruba huja baada ya mchana. Usiku magogo yanayoelea na mafungu ya mchanga hayaonekani. Usikubali safari ya usiku, hata wakikupunguzia bei.

Kabla ya kulipa, angalia ukingo wa boti. Ikiwa maji yamebakiza kiganja kimoja tu kuingia ndani, na mifuko ya makala bado inapakiwa, ngoja boti ingine. Mwenye boti atakasirika, lakini hasira yake itapita. Omba pia jina lako na majina ya watoto yaandikwe kwenye orodha ya abiria. Ajali ikitokea, orodha hiyo ndiyo inaonyesha nani wa kutafutwa.

Uliza jile za kujiokoa ziko wapi, kisha uvae yako. Usiikalie kama mto wa kiti. Jile ya mtu mzima humvuka mtoto kichwani akianguka majini. Kama unaweza, nunua ya kipimo chake mjini.

Keti mbali na injini, mapipa ya mafuta na jiko. Mwezi wa nne 2025, karibu na Mbandaka, moto uliwaka katika boti ya mbao wakati mtu alikuwa akipika ndani. Viongozi wa huko walihesabu vifo zaidi ya 140. Kwa hiyo pika nyumbani. Chikwangue, samaki wa kukausha, ndizi za kuchoma na karanga zinatosha kwa siku nzima, bila moshi.

Beba maji yako yaliyochemshwa. Mwaka 2025 kipindupindu kilisumbua sana jimbo letu la Tshopo, na maji ya mto hayafai kunywewa hivi hivi hata yakionekana safi. Ongeza mwavuli au kitenge cha kujifunika jua, mfuko wa plastiki wa simu na kadi ya mchaguzi, na faranga za noti ndogo. Kuhusu choo, uliza kabla ya kupanda. Boti nyingi ndogo hazina, na mtoto hawezi kuvumilia hadi mwisho.

Mto ukionekana mbaya siku hiyo, kumbuka kwamba Yanonge iko ng'ambo ya kushoto, sawa na Lubunga. Ukivuka hadi Lubunga, unaweza kwenda kwa pikipiki. Utakula vumbi au matope, lakini utafika.

Ukishatengeneza hayo yote, ndipo vakansi inaanza. Utaipita Yakusu na misheni yake ya zamani, utawaona wavuvi Walokele wakitupa nyavu, na watoto watauliza maswali badala ya kulia. Ukifika, piga simu nyumbani kabla hujafungua mizigo: kuna mtu Kisangani ambaye hatatulia mpaka asikie sauti yako.