Arusi, Kamera na Karamu ya Mbinguni

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, kazi ya ofisi yetu ya uhusiano mwema ni kupiga picha za magwaride, za mazoezi na, kwa masikitiko, za maziko. Lakini siku ya Jumamosi kamera hiyo hiyo huombwa arusini, kwa kuwa askari haoi bila wenzake kusimama kando yake. Tumeingia nayo katika makanisa makuu ya Namirembe na Rubaga mjini Kampala, tumeingia pia katika makanisa ya kambini yenye mabenchi ya mbao na paa la mabati. Yapo mambo juu ya mbinguni ambayo tumeyafahamu huko, jicho likiwa kwenye tundu la kamera, kuliko tulivyoyafahamu kwa mahubiri.

Bibi arusi akitokea mlangoni, mpiga picha mchanga humwelekezea yeye lenzi asimwachie. Hiyo ni picha ngumu. Jua la nje liko nyuma yake, na mwanga usipopimwa kwa uangalifu, uso wake utatoka mweusi kama kivuli. Mzoefu hupiga mbili tatu, kisha hugeuka upesi akamtazama bwana arusi. (Enzi za filamu ya picha 36, aliyegeuka hivyo alikuwa amekwisha kuhesabu zilizobaki.) Muda wenyewe haufiki nusu dakika. Tumemwona sajini ambaye sauti yake hutetemesha uwanja wa gwaride, midomo ikimcheza kama ya mtoto. Amesahau suti ya kuazima, amesahau deni lililobaki tangu siku ya kwanjula, amesahau hata sisi wenye kamera. Anamtazama mmoja tu anayekuja.

Nabii Isaya, katika sura ya 62, anailinganisha furaha ya Mungu juu ya watu wake na furaha ya bwana arusi juu ya bibi arusi. Wengi wetu tukiifikiri mbinguni tunafikiri furaha yetu sisi: kupumzika, kushiba, kutoamshwa na tarumbeta alfajiri. Isaya anatugeuza shingo tuutazame uso wa Yeye anayetungoja. Askari aliyetoka zamu ya usiku anajua tofauti ya kurudi penye nyumba iliyofungwa na kurudi penye taa iliyoachwa ikiwaka.

Tuseme pia kwamba mpiga picha haketi mezani na wageni. Wali humfikia umepoa, na keki imekwisha. Mlinzi wa lango anaielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Siku moja alifika ofisini mjane wa askari aliyefariki kazini. Alitaka picha ya arusi yao kwa ajili ya maziko, maana kwetu picha nzuri kuliko zote aliyonayo mtu mara nyingi ni ile ya arusi yake, nayo ndiyo huwekwa juu ya jeneza. Akatuuliza, "Afande, kanisani nimesikia kwamba huko mbinguni watu hawaoi wala hawaolewi. Basi mimi nitakuwa nani kwake?"

Swali hilo halijibiwi kwa haraka. Neno alilolisikia limo katika Mathayo sura ya 22, Yesu akiwajibu Masadukayo. Lakini sura hiyo hiyo inaanza na mfalme anayemfanyia mwanawe karamu ya arusi, na Ufunuo sura ya 19 inataja arusi ya Mwana-Kondoo. Kwa hiyo arusi haikufutwa. Hizi zetu ndizo picha, na ile ndiyo yenyewe. Picha ya msafiri hutazamwa sana akiwa mbali. Akibisha hodi, hakuna anayebaki kuisalimu picha. Wala hatusomi popote kwamba waliofufuka watakuwa wageni wao kwa wao. Katika Yohana sura ya 20, Mariamu Magdalene alimtambua Bwana mara alipomwita kwa jina lake.

Tulimweleza hayo kwa maneno machache kuliko haya. Alinyamaza kitambo, kisha tukazifungua picha katika kompyuta, moja baada ya moja. Ile ya wawili wakikata keki aliipita. Akachagua moja ambayo yeye mwenyewe hayumo: mumewe amesimama mbele ya madhabahu, shingo imegeuka, anatazama mlangoni. Tukamsafishia kubwa. Akaifunga katika kanga, akaenda nayo.