RAM YA TATU IMEKUFA! MCHAWI NANI?

DESEMBA ikifika, Wachagga wanapanda mlima. Hilo halina ubishi. Kutoka Dar hadi Himo ni zaidi ya kilometa 500, halafu unapandisha Marangu mpaka Mwika. Kwenye buti la basi kuna mabegi, vitenge vya bibi na, siku hizi, kompyuta ambayo kijana kaiunga mwenyewe: kasha la mtumba, madabodi ya huku, RAM ya kule.

Sasa fikiria umefika nyumbani, unaiwasha mbele ya binamu zako upate ujiko. Piii! Piii! Skrini nyeusi. Au inawaka vizuri, nusu saa inaleta skrini ya bluu na kuzima. Fundi anakwambia "RAM imekufa." Unanunua nyingine. Wiki mbili, mambo yale yale. Unanunua ya tatu. Hela ya mbuzi imeishia kwenye vijikadi!

Mshkaji, hapo shtuka. RAM moja kufa ni kawaida. Mwaka 2009 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha uchunguzi wa kompyuta za Google, wakakuta zaidi ya asilimia 8 ya kadi za RAM zinapata hitilafu kwa mwaka. Lakini tatu mfululizo kwenye kasha moja? Mchawi yuko ndani ya nyumba.

ANZA NA LILE RAHISI

Basi limetikisika njia nzima, kadi inaweza kulegea. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia ili chaji iliyobaki iishe. Shika chuma cha kasha kwanza, maana umeme tuli wa mwilini unaua RAM kimyakimya. Toa kadi, futa meno yake kwa kitambaa laini chenye spiriti safi kidogo, iache ikauke. Wengine wanasugua kwa raba ya penseli. Ukikazana unabandua dhahabu. Irudishe mpaka ilie "ta!"

Mwika kuna baridi na unyevu, hasa kipindi cha masika. Kompyuta ikitoka kwenye baridi kuingia chumba chenye joto, usiiwashe papo hapo. Iache kwanza umande ukauke.

MOJA MOJA, KAMA MAHAKAMANI

Weka kadi moja tu, kwenye sloti inayotajwa na kitabu cha madabodi. Jaribu ya kwanza, itoe, jaribu ya pili pale pale. Kisha chukua ile nzima uizungushe sloti zote.

Kadi moja inagoma kila sloti? Hiyo kadi ndiyo mbaya. Kadi zote zinagoma kwenye sloti moja? Kosa ni la madabodi au prosesa, maana kwenye mashine za kisasa prosesa ndiyo inayoongoza RAM. Zote zinagoma kila mahali? Angalia pawa saplai, na usisahau ule umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo.

Usiseme nzima kwa macho. Weka Memtest86 kwenye fleshi. Ni programu iliyoandikwa na Chris Brady mwaka 1994, na toleo la bure lipo. Iache ifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa.

Halafu kuna ujanja wetu: kuchanganya kadi za kampuni tofauti, tena na XMP imewashwa ili ziende kasi. Kila moja ikiwa peke yake ni malaika, zikikaa pamoja ni ugomvi. Ingia BIOS, zima XMP, ujaribu tena. Kadi ngapi zimetupwa hazina kosa!

USIPUUZE

Kuzimika ni nafuu. RAM mbovu inaweza kuharibu faili huku mashine inakuchekea: barua ya kazi ya mteja, picha za harusi ya dada. Unakuja kugundua baada ya miezi. Kwa hiyo ukiona dalili, acha kuhifadhi vitu humo, nakili vya muhimu kwenye diski ya nje, na ulinganishe na nakala za zamani.

Ukienda dukani tena, omba kadi ijaribiwe mbele yako na uchukue risiti. Muuzaji akinuna, maduka ni mengi. Kazi kwako!