Mchoraji, Jua Haki Zako Kabla ya Maonyesho ya Katuni

Vijana wa kaunti wanaochora katuni na wanaopanga kupeleka kazi zao kwenye Maonyesho ya Katuni ya Nairobi, maarufu kama NAICCON, wanashauriwa kujua haki zao mapema.

Maonyesho hayo yamewakutanisha wachoraji, wapenzi wa michezo ya video na mashabiki wanaovalia kama wahusika wawapendao. Kwa mchoraji, hili ni soko. Huuza vitabu, mabango na stika, na hupokea oda papo hapo.

Oda hizo ndizo zinazohitaji uangalifu. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, mchoro uliobuni mwenyewe ni mali yako pindi unapouchora. Lakini mteja akikuagiza umchoree, hakimiliki ya mchoro huo huhamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Andikeni makubaliano na kutia sahihi kabla ya kazi kuanza, hata kama ni ukurasa mmoja.

Kumbuka pia kwamba Spider-Man ana mwenyewe. Kuuza michoro ya wahusika wa wengine bila idhini kunaweza kukufikisha mahakamani.

Si lazima kusajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ila cheti chake husaidia kuthibitisha umiliki mzozo unapozuka. Usajili hufanywa mtandaoni. Hifadhi pia michoro yako ya awali, kila mmoja ukiwa na tarehe.