Manjano na Ugonjwa wa Utumbo

Siku hizi sokoni wapo wauzao vidonge vya manjano, wakinadi kwamba vinaponya kila tumbo. Jumapili moja, baada ya Misa, mama mmoja alinijia na kopo lake. "Bwana Karani, nimpe mume wangu hivi, aache dawa ya hospitali?" Basi nikatafuta habari.

Ugonjwa wa mumewe ni huu: askari wa mwili, wapaswao kupigana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utumbo mpana. Utumbo huvimba na kufanya vidonda. Mgonjwa huhara damu na kamasi, hutulia, kisha hurudiwa. Amiba na kichocho huleta dalili kama hizo, kwa hiyo aharaye damu na apimwe kwanza.

Ndani ya manjano mna kitu kiitwacho kurkumini. Ni antioksidanti, yaani huzuia uharibifu wa mwili ulio mfano wa kutu ilavyo chuma. Tena hupunguza uvimbe. Mwaka 2006 madaktari wa Japani walitangaza jaribio la wagonjwa 89 ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia. Kundi moja lilipewa kurkumini gramu 1 asubuhi na gramu 1 jioni, baada ya chakula. Kundi la pili vidonge visivyo na dawa ndani. Kwa miezi 6, katika watu 43 wa kurkumini walirudiwa 2. Katika 39 wa kundi la pili, 8.

Mwaka 2015 likatangazwa jaribio lililofanyika Israeli, Hong Kong na Kupro, kwa wagonjwa 50 ambao ugonjwa ulikuwa umeamka. Walipewa gramu 3 kwa siku. Baada ya mwezi mmoja walitulia 14 katika 26. Kundi la pili, hapana hata mmoja.

Lakini angalieni: katika majaribio yote mawili kurkumini iliongezwa juu ya dawa ya hospitali. Haikuchukua mahali pake.

Na manjano ya jikoni je? Gramu 100 za unga zina kurkumini kama gramu 3 tu. Mimi napenda sana wali wa manjano, lakini nani atakula unga huo wote kwa siku? Tena huko Marekani na Italia wapo watu walioumia ini kwa vidonge hivi.

Nilimweleza mama hayo yote. Jumatatu walipanda gari pamoja kwenda hospitali, kopo likiwa kapuni, ili daktari asome yaliyoandikwa juu yake.