Vidonge vya Mafuta ya Damu: Usiviache kwa Sababu Huumwi

Mzee mmoja wa mashamba haya alifika ofisini kwetu kuuliza habari za mbegu. Mfukoni mwake alikuwa na vidonge alivyopewa hospitali ili kupunguza kolesteroli, yaani mafuta ya damu, lakini alikuwa ameacha kuvimeza. "Bwana Karani," akaniambia, "siumwi mahali popote. Nimeze dawa ya nini?" Mimi si daktari, ila swali lake lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote.

Kolesteroli si sumu. Mwili unaihitaji, na ini lenyewe ndilo hutengeneza sehemu kubwa yake. Lakini ikizidi hujishika kwenye kuta za mishipa ya damu, kidogo kidogo, kama matope yanavyojaa katika mfereji. Miaka mingi hupita nawe huoni dalili yo yote, mpaka siku damu isipofika kwenye moyo, au kwenye ubongo ukapatwa na kiharusi. Kwa hiyo kutoumwa si ushahidi. Hapana budi damu ipimwe.

Dawa hizo huitwa statini. Kazi yake ni kulizuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi. Nalo ini likipungukiwa huivuta ile iliyomo katika damu. Aliyevumbua ya kwanza ni Akira Endo wa Japani, mtoto wa wakulima. Alipima ukungu wa aina 6,000 hivi, na mwaka 1973 akaipata dawa hiyo katika ukungu wa mchele uliotoka duka la nafaka mjini Kyoto. (Msije mkala mahindi yaliyoota ukungu mkidhani ni dawa! Ukungu wa mahindi waweza kuwa na sumu inayoharibu ini na kuua. Wala ng'ombe msiwape.)

Sasa, wewe huogesha ng'ombe wako hata kama huoni kupe, maana wajua ukiacha watarudi. Vidonge hivi ni vivyo hivyo: ukiviacha, kolesteroli hupanda tena. Meza kila siku kwa saa uliyoambiwa. Usimgawie jirani vidonge vyako, wala usidhani vimekupa ruhusa ya kula nyama ya mafuta kila siku.

Maumivu ya mgongo baada ya kulima ni jambo la kawaida. Lakini misuli ikiuma au kulegea bila sababu, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mama mwenye mimba, au anayetazamia kuipata, amwambie daktari. Mwambie pia dawa nyingine unazotumia, hata za miti shamba, na kama unakunywa maji ya balungi, kwa maana huzidisha nguvu ya baadhi ya statini.

Yule mzee alirudi hospitali Jumatatu. Amepimwa damu, ameanza vidonge tena, na ameambiwa arudi kupimwa baada ya majuma 8.