Dawa, mihadarati au njozi? Tunavyovitaja vitu na watu wake

Katika Kiswahili, neno dawa halina mipaka. Kuna dawa ya homa, dawa ya mbu, dawa ya meno, dawa ya viatu na, kwa wanaoiamini, dawa ya mapenzi. Wahenga nao walisema dawa ya moto ni moto. Neno hili lilitoka Kiarabu likiwa na maana ya kitu kinachoponya, likafika kwetu likapanuka. Tulipohitaji kuitaja heroini, bangi na kokeni, tulilichukua neno hilo hilo tukalifungia mkia: dawa za kulevya.

Mkia huo ndio ninaotaka tuujadili wiki hii. Nauliza: je, kila tunachokiita dawa ya kulevya kinalevya kweli? Na kama hakilevyi, kosa hilo la lugha linamgharimu nani?

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kulevya ni kumfanya mtu alewe. Kulewa kuna jamaa yake, kulewalewa, yaani kuyumba huku na huku kama chombo kilichopigwa na mawimbi. Pombe humfanya mtu ayumbe hivyo. Lakini mtafunaji wa mirungi pale kibandani hayumbi. Yuko macho usiku kucha, maneno yanamtoka kama maji ya bomba. Hata yeye mwenyewe hasemi amelewa. Husema ana stimu, au kwa lugha ya Mombasa, ana handasi. Vijana wa mtaani, ambao sisi walimu huwalaumu kwa kuharibu lugha, wametofautisha hapa kitu ambacho Kiswahili sanifu kimeshindwa kukitofautisha.

Neno la pili ni mihadarati. Wengi hulitumia kama pacha wa dawa za kulevya, tena lenye heshima zaidi kwa sababu lina sauti ya Kiarabu. Asili yake ni kitenzi chenye maana ya kufa ganzi, na Waarabu hadi leo hutumia neno la mzizi huo kwa kazi ya daktari anayemtia mgonjwa ganzi kabla ya upasuaji. Mihadarati basi, kwa asili, ni vitu vinavyotia ganzi. Jina hilo linaikaa heroini sawasawa, na afyuni pia. Muguka haliukai kabisa.

Kuna na neno la tatu, ambalo safari yake ni ya kuchekesha. Kasumba ilikuwa afyuni. Leo ukimwambia mtu ana kasumba, atajua unamaanisha mawazo aliyotiliwa kichwani hadi hawezi kuyahoji, kama vile kasumba ya kikoloni. Jina la kitu cha kupumbaza mwili limekuwa jina la kitu cha kupumbaza fikra. Nitalirudia neno hili baadaye kidogo.

Kwa nini haya yanitie wasiwasi mimi mkazi wa Shanzu? Kwa sababu hapa kwetu maneno haya hayakai kamusini tu. Shanzu ina mahakama. Ina pia Gereza la Shimo la Tewa. Na ndani ya gereza hilo kuna kliniki inayowapa wafungwa methadoni, dawa ya kuwasaidia walioshikwa na heroini. Katika eneo dogo hivi, mtu mmoja anaweza kuitwa mshtakiwa, mfungwa na mgonjwa, na kitu anachohusishwa nacho kikaitwa mihadarati asubuhi na dawa jioni.

Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 kinampa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haielewi lugha ya kesi. Sasa, sheria yetu kuu kuhusu vitu hivi ni ya 1994, na ilifanyiwa marekebisho 2022. Jina lake la Kiingereza linataja makundi mawili: vitu vya kutia ganzi na usingizi, na vitu vinavyobadilisha utendaji wa akili. Mgawanyo huo ulitoka katika mikataba miwili ya Umoja wa Mataifa. Ule wa 1961 ulishughulikia afyuni, koka na bangi. Ule wa 1971 ukaongeza vitu vya akili, kama vile LSD na silosaibini, kemikali iliyomo katika baadhi ya uyoga. Mkalimani akifika hapo kwa Kiswahili, makundi yote mawili huwa kapu moja: dawa za kulevya.

Gharama ya kapu hilo niliisikia mwaka jana ndani ya matatu ya kutoka Mtwapa. Mama mmoja wa makamo alikuwa akimweleza jirani yake habari za mwanawe aliyeanza kwenda kliniki ya methadoni kule Kisauni. "Wamemtoa kwa unga, wamtia kwa dawa nyingine ya kulevya," alisema. "Tafauti iko wapi, mwenzangu?" Jirani akamjibu, "Si bora akae nyumbani tu, ajikaze, arosto ipite?" Utingo, kijana aliyekuwa amening'inia mlangoni, akaingilia kwa adabu: "La, mamangu. Akikaa nyumbani atarudi maskani kesho. Mwache akanywe."

Utingo alikuwa amesema la kitaalamu bila ya kuwa mtaalamu. Arosto ni yale maumivu, kutapika, kuharisha na kutetemeka kunakompata mtumiaji akikosa heroini. Methadoni ni ya ukoo mmoja na heroini, hilo mama alikuwa na haki nalo. Ila inanywewa, haidungwi, kwa hivyo hakuna sindano ya kushiriki wala virusi vya kupokezana. Inakaa mwilini muda mrefu, hivyo dozi moja kwa siku, inayonywewa mbele ya mhudumu, huizuia arosto bila kumpa mtu ule mpaao wa unga. Akatulia, akaweza kwenda kazini. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu 2005. Tanzania ilianza kuitoa katika Hospitali ya Muhimbili 2011. Kenya ikafuata Mathari 2014, kisha Malindi 2015. Dawa ya moto ni moto, lakini moto wa jikoni uliopimwa, si wa kuteketeza nyumba. Mama yule hakukosa akili. Alikosa neno.

Upungufu huo huo wa maneno ulijitokeza Mei 2024, Gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir na mwenzake wa Kilifi Gideon Mung'aro walipopiga marufuku muguka. Pwani kauli ilikuwa kwamba muguka ni dawa ya kulevya inayoangamiza watoto. Embu kauli ilikuwa kwamba ni zao, na sheria inaitambua hivyo. Mahakama ya huko ikasimamisha marufuku. Pande mbili zilipigana kwa majina, na swali la maana likaachwa njiani: muguka hufanya nini katika mwili wa mtoto wa miaka 13, na nani amuuzie? Hata ombi la jamii ya Rastafari, waliokwenda Mahakama Kuu 2021 kutaka waruhusiwe kutumia bangi katika ibada, kwa sehemu ni ubishi wa majina. Kwa sheria ni mihadarati. Kwao ni mmea mtakatifu.

Sasa kuna wageni wanaobisha hodi, na hatuna jina la kuwapokelea. Ni lile kundi la LSD, silosaibini na jamaa zao. Mkemia Mswisi Albert Hofmann aliitengeneza LSD 1938, na 1943 akagundua nguvu zake mwilini mwake mwenyewe. Daktari wa akili Humphry Osmond ndiye aliyelibatiza kundi zima katika miaka ya 1950, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: nafsi, na kudhihirika. Miaka ya 1970 ilipoanza, sheria zilizifungia milango, na utafiti ukakaribia kukoma.

Milango hiyo imeanza kufunguliwa. Mwaka 2016 vyuo viwili vya Marekani, Johns Hopkins na New York, vilitoa matokeo ya kuwapa silosaibini wagonjwa wa saratani waliolemewa na hofu na huzuni. Wagonjwa 51 kwa kimoja na 29 kwa kingine. Wengi walipata nafuu iliyodumu kwa miezi. Jimbo la Oregon lilipiga kura 2020 kuruhusu silosaibini chini ya usimamizi. Australia, kuanzia Julai 1, 2023, iliwaruhusu madaktari wa akili waliosajiliwa kuitoa kwa wenye sonona isiyosikia dawa nyingine. Wakati huo huo, Agosti 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataa MDMA kwa waathiriwa wa kiwewe, ikitaka ushahidi zaidi. Mojawapo ya matatizo ni kwamba mgonjwa hujua mara moja kama amepewa dawa yenyewe au maji ya kumridhisha tu, na matumaini pekee huweza kumpa mtu nafuu. Tena vitu hivi ni hatari kwa mwenye wazimu au mwenye historia yake katika familia. Havitolewi kila siku kama methadoni. Ni mara moja au chache, mtu amelala chumbani, wataalamu pembeni.

Msidhani ni habari za mbali. Ketamini, inayotumiwa sana katika hospitali zetu kumlaza mgonjwa wa upasuaji, ni binamu wa kundi hili, na jamaa yake wa kupulizwa puani aliidhinishwa Marekani 2019 kutibu sonona. Iko siku daktari wa hapa pwani atataka kumweleza mgonjwa wake. Atatumia neno gani?

Akisema mihadarati, atakuwa amekosea maana, kwa sababu vitu hivi havitii ganzi, huzidisha hisia. Akisema dawa za maruerue, atakaribia, kwani maruerue ni kuona visivyokuwapo. Lakini kwetu maruerue ni ya mwenye homa kali. Neno hilo limeshatoa hukumu kabla ya ushahidi. Akimfuata Osmond aseme vifunuanafsi, kwa muundo ule wa kiuavijasumu, neno litakuwa zuri mno: litamsaidia muuzaji kuliko mgonjwa. Hapo ndipo ile kasumba ya pili inaporudi. Jina tamu nalo hupumbaza, sawa na jina la kutisha.

Mimi napendekeza kiletanjozi, wingi viletanjozi. Njozi si ugonjwa wala si utakatifu. Mtu huota njozi njema na njozi mbaya, akaamka akatafuta maana yake kwa mtu anayemwamini. Neno linataja kinachotokea na kunyamaza hapo. Kwa mirungi, muguka na kokeni tuseme vichangamsho. Pombe ibaki kileo. Mihadarati tuirudishie maana yake ya kutia ganzi. Na pale mahakamani, karani akitaja jina la kitu chenyewe, bangi au heroini, haki haitapungukiwa na chochote.

Limebaki jina moja, la mtu mwenyewe. Mtaani huitwa teja, wingi mateja. Kiambishi hicho cha ma- tunakijua: mawe, magari, majambazi. Kliniki za methadoni nazo humwita mteja, wingi wateja. Kamusi zinatukumbusha kwamba mteja, kabla ya kuwa mnunuzi wa dukani, alikuwa mtu aliye mikononi mwa mganga akiuguzwa. Kati ya teja na mteja kuna herufi moja tu, ile m- ya mtu, mwana, mgonjwa. Haigharimu kitu kuitamka. Yule mama wa kwenye matatu angeisikia mara moja.